Vita vya Mbali na Ardhi Iliyo Chini ya Miguu Yetu

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa na mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya wazee, akina mama na vijana wa mtaa wa Kapsoya, Eldoret. Tunaichapa kwa sababu wengi waliokuwapo waliomba waipate kwa maandishi. – Mhariri)

 

Nimeombwa niseme jinsi vita na misukosuko ya siasa ilivyoliumba bara letu la Afrika hata likawa hivi lilivyo leo. Nilipoletewa ombi hilo nilitaka kukataa. Mimi si mwanahistoria. Kazi yangu ni kufasiri, yaani kuyachukua maneno ya watu wengine na kuyapeleka katika lugha nyingine bila kuyaongeza wala kuyapunguza. Walakini kuna jambo lililonipata katika kazi hiyo, na ndilo lililonifanya nikubali kuja.

Siku moja nilitumwa kufasiri waraka wa mambo ya ardhi katika baraza moja, si mbali na hapa. Ndani yake mlikuwa na neno la Kiingereza la kumtaja mtu aliyekuja kukaa mahali ambapo babu zake hawakukaa. Nikalitia kwa Kiswahili: "mlowezi". Papo hapo mzee mmoja akasimama, akaniuliza, "Kijana, mlowezi ni nani hapa? Ni Mzungu aliyekwisha kuondoka, au ni mimi niliyenunua ekari zangu tano kwa jasho langu?" Kabla sijajibu, mzee mwingine akasimama upande wa pili, akasema, "Na mimi, ambaye babu yangu alifukuzwa hapa kwa bunduki, utaniita nani?"

Baraza likanyamaza kimya. Nami nikasimama na karatasi mkononi, sina la kusema. Nikafahamu kwamba kosa lile halikuwa la kamusi. Wazee wale wawili walikuwa wakihesabu historia kuanzia miaka mbalimbali. Mmoja alianza katika miaka ya 1960, siku aliponunua. Mwingine alianza mwaka wa 1905, siku aliponyang'anywa babu yake. Na kila mmoja, ukianza kuhesabu pale alipoanzia yeye, alikuwa na haki.

Basi leo nataka tuhesabu pamoja, tuanze mbali kidogo kuliko ilivyo desturi yetu. Sitataja kabila langu. Nimekuja kusema nanyi kama jirani.

ARDHI ILIYOITWA TUPU

Mlio na mashamba huku nje ya mji mmepata kuyaona mabonde madogo ya mviringo katika ardhi, mengine yakiwa na mawe yaliyopangwa kandokando. Wazee huyaita mashimo ya Wasirikwa. Walikuwa wafugaji waliokaa katika uwanda huu zamani sana, na masimulizi yasema kwamba waliondolewa au walimezwa na watu waliokuja baada yao. Baada yao walikaa Wamaasai wa ukoo ulioiachia nchi hii jina la Uasin Gishu. Hata jina la Eldoret lina asili ya Kimaasai, nalo lahusu mawe ya mto wetu wa Sosiani.

Katika karne ya 19 Wamaasai wa Uasin Gishu walipigana na Wamaasai wenzao, tena wakapigana na Wanandi, hata wakashindwa na kutawanyika. Msafiri wa Kiskoti, Joseph Thomson, alipopita mwaka wa 1883 aliukuta uwanda huu una majani mazuri, maji na hewa baridi, lakini hauna watu. Naye aliandika hivyo. Neno hilo moja, kwamba nchi hii ni tupu, lilisafiri mpaka Ulaya na kuzaa mambo makubwa. Hakuna aliyesimama kuuliza kwa nini ilikuwa tupu. Nyumba ambayo wenyewe wamekimbia haiwi nyumba isiyo na mwenyewe.

Miaka miwili haikupita mataifa ya Ulaya yakakutana Berlin, 1884 hadi 1885, kuafikiana juu ya masharti ya kugawana Afrika. Katika mkutano ule hapakuwa na Mwafrika hata mmoja mezani. Mipaka ikachorwa. Na mipaka yenyewe haikutulia, kwa kuwa uwanda wetu huu ulihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda mpaka mwaka wa 1902, ndipo ulipohamishwa ukatiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mtu aliyelala Uganda akaamka Kenya, wala hakuvuka mto.

VITA VYA WATU WENGINE

Sasa sikilizeni jinsi vita vya mbali vinavyoweza kumfikia mtu ambaye hajavisikia hata kwa uvumi.

Mwezi wa Aprili mwaka wa 1903, katika mji wa Kishinev uliokuwa chini ya mfalme wa Urusi, Wayahudi walivamiwa, wakauawa, na nyumba zao zikavunjwa. Habari hizo ziliitikisa Ulaya. Mwaka huohuo Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, akawatolea Wayahudi mahali pa kukimbilia. Mahali penyewe palikuwa wapi? Palikuwa hapa, katika uwanda wa Uasin Gishu. Jambo hilo likajadiliwa katika mkutano mkuu wa Wazayuni huko Basel, Uswisi, mwezi wa Agosti 1903, na mapema mwaka wa 1905 watu watatu wakafika kuikagua nchi. Taarifa yao haikuwapendeza wengi, na mwaka huohuo wa 1905 mkutano wao ukakataa. Mpango ule mpaka leo huitwa mpango wa Uganda, kwa sababu ya mpaka ule niliowatajia.

Fikirini, wazee wangu. Watu walioteswa Urusi wanaahidiwa ardhi Uasin Gishu, na mwenye kuahidi yuko London. Aliyefukuzwa kule alistahili kuonewa huruma, hilo halina shaka. Lakini huruma ile ilikuwa ikilipwa kutoka katika mfuko wa mtu mwingine, naye hakuulizwa.

Wayahudi hawakuja. Waliokuja ni Makaburu. Nao pia walitoka vitani. Waingereza na Makaburu walipigana Afrika Kusini tangu 1899 hadi 1902. Katika vita vile wanawake na watoto wa Kikaburu walitiwa katika kambi za kuwafungia watu, wakafa zaidi ya elfu ishirini kwa maradhi na njaa. Waafrika nao walitiwa katika kambi zao, wakafa kwa maelfu, na kwa muda mrefu hakuna aliyejishughulisha kuwahesabu. Vita vilipokwisha, mashamba yalikuwa yamechomwa moto, na ndugu walikuwa wamegawanyika, kwa maana baadhi yao walikuwa wamewasaidia Waingereza nao wakaonekana wasaliti.

Mwaka wa 1908 kundi la Makaburu zaidi ya 200, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walipanda meli iitwayo Windhuk wakashukia Mombasa. Wakaja kwa gari la moshi mpaka Nakuru; kutoka hapo wakapanda huku kwa magari ya kukokotwa na maksai, katika matope na misitu. Wakagawanyiwa mashamba kwa namba. Mwaka wa 1910 posta ilifunguliwa katika shamba namba 64, na watu wakapaita kwa namba hiyo kwa Kiingereza. Vinywani mwa wenyeji ikawa "Sisibo". Bibi wengine husema hivyo hata leo. Mwaka wa 1912 ndipo jina la Eldoret lilipotangazwa. Basi mji wetu huu, ambao tarehe 15 Agosti 2024 ulipandishwa cheo ukawa jiji, ulizaliwa kutokana na vita vilivyopiganwa mbali sana na hapa.

VITA VYA NYUMBANI

Lakini nchi haikuwa tupu. Wanandi walikuwapo, nao waliipinga reli na utawala wa Kiingereza kwa muda wa miaka kumi, tangu 1895. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, lakini waya za simu zilikatwa na misafara ilishambuliwa. Kiongozi wao alikuwa Orkoiyot Koitalel arap Samoei. Tarehe 19 Oktoba 1905 alikwenda kukutana na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, katika mkutano uliosemwa kuwa ni wa kutafuta amani. Hapo akapigwa risasi, akafa pamoja na wenziwe. Uchunguzi ulifanywa, na yule ofisa hakupatikana na hatia. Wanandi wakasukumwa katika eneo la akiba, na ng'ombe wao wakachukuliwa kwa maelfu.

Hesabuni miaka hiyo pamoja nami. Mwaka uleule wa 1905 ambao wakaguzi walitembea wakisema kama nchi yafaa au haifai, ndio mwaka ambao Koitalel aliuawa. Na miaka mitatu tu baadaye magari ya Makaburu yakafika. Mambo hayo matatu huandikwa katika vitabu vitatu mbalimbali, na kila kitabu husomwa na watu wake. Fimbo za uongozi za Koitalel zilikaa Uingereza karibu miaka mia moja, zikarudishwa mwaka wa 2006. Fimbo zimerudi, lakini ardhi hairudi kwa meli.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918. Mfalme wa Uingereza aligombana na Kaisari wa Ujerumani, lakini mzigo ulibebwa na Mwafrika, tena ulibebwa kichwani. Wapagazi walikusanywa katika kikosi ambacho jina lake la Kiingereza watu walilitamka "Kariakoo". Makumi ya maelfu walikufa, na wengi wao hawakufa kwa risasi, walikufa kwa kuhara, homa na njaa. Vita vilipokoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, huku Afrika jenerali wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25. Leo kuna soko la Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam, na vijana hununua shati pale wasijue kwamba wanalitamka jina la jeshi la watu waliokufa chini ya mizigo.

Malipo yalikuwa nini? Mwaka wa 1919 askari wa Kizungu walipewa mashamba Kenya, na sehemu ya ardhi ya Wanandi ikakatwa kwa ajili hiyo. Aliyebeba mzigo hakupewa shamba, alipewa kipande cha kuvaa shingoni. Mwaka wa 1923 Wanandi walipojitayarisha kwa sherehe kubwa ya kukabidhiana rika, Serikali iliogopa kuwa ni maasi, ikamkamata Orkoiyot Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel. Alizuiliwa mpaka mwaka wa 1964. Miaka arobaini na zaidi! Alikamatwa kabla reli haijafika Eldoret mwaka wa 1924, akafunguliwa bendera ya Kenya ikiwa imekwisha kupandishwa.

ASKARI WALIORUDI

Katika Vita Vikuu vya Pili, 1939 hadi 1945, vijana wa Afrika Mashariki waliingia Keya kwa wingi. Waliwashinda Waitaliani Somalia na Uhabeshi, kisha wakapelekwa Burma kupigana na Wajapani katika mvua na malaria. Mateka wa Kiitaliani wakaletwa Kenya kutengeneza barabara. Kanisa dogo walilolijenga mwaka wa 1942 karibu na Mai Mahiu lingalipo, nanyi huliona mkishuka bondeni.

Askari wale walirudi na jambo ambalo halikuwa katika mizigo yao. Walikuwa wamemwona Mzungu akiogopa, wamemwona akilia, na wamemwona akishindwa na mtu asiye Mzungu. Walikuwa wamesikia pia kwamba vita vile vilipiganwa ili mataifa yawe huru. Wakauliza: mataifa yapi? Waruhiu Itote, aliyekuja kujulikana kwa jina la Jenerali China, alipigana Burma kabla hajaingia msituni. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Watu zaidi ya elfu moja walinyongwa kwa hukumu, na wengi zaidi walitiwa vizuizini. Mwezi wa Machi 1959 watu 11 waliuawa kwa kupigwa katika kambi ya Hola. Ilipita zaidi ya nusu karne, mpaka mwaka wa 2013, ndipo Serikali ya Uingereza ikaonyesha masikitiko yake na kukubali kuwalipa wazee 5,228 waliokuwa wameteswa.

Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963. Na hapa ndipo penye kiini cha maneno ya wale wazee wawili. Ardhi ya Wazungu haikurudishwa, iliuzwa. Kwa mpango ulioanza mwaka wa 1962, ekari milioni moja zilinunuliwa kwa mikopo, na wengine wakajiunga katika vyama na makampuni wakanunua mashamba kwa hisa. Makaburu wengi wakaondoka. Mwenye fedha au mwenye mkopo, atokaye kokote, akaja. Basi mjukuu wa aliyefukuzwa akaambiwa anunue alichonyang'anywa babu yake. Na maskini aliyefukuzwa kwingine akauza mbuzi wake anunue hapa, akidhani amelipa deni lake lote. Wote wawili waliumizwa na mkono mmoja, lakini mkono ule ulipoondoka waliachwa wakitazamana wao kwa wao.

MWAKA WA 2008

Wazee wangu, hamhitaji niwasimulie sana yaliyofuata. Ghasia za mwaka wa 1991 na 1992 mnazikumbuka. Na matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, mji wetu uliwaka. Tarehe mosi Januari 2008 kanisa la Kiambaa lilichomwa moto, na ndani yake walikuwamo wanawake na watoto waliokimbilia humo. Uwanja wa maonyesho wa Eldoret ukajaa maelfu ya watu wasio na makao. Katika Kenya nzima waliokufa walizidi 1,100.

Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi katika shule ya misheni, niko nyumbani likizoni. Usiku mmoja tulifichwa jikoni kwa jirani, bibi kizee asiye wa kabila letu. Vijana walipokuja wakamwuliza kama ana wageni, akawajibu, "Hapa hakuna wageni." Kisha akarudi akakaa kwenye kigoda chake, mikono yake ikitetemeka. Kwa miaka mingi nilidhani alisema uongo ili atuokoe. Siku hizi, kila ninapotafuta neno katika nyaraka, naona kwamba hakusema uongo. Alikuwa amelifasiri neno kuliko nilivyoweza kulifasiri mimi katika baraza lile.

Mazungumzo yaliyoongozwa na Kofi Annan yalileta mapatano tarehe 28 Februari 2008, na Katiba mpya ikatangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Hayo ni mambo makubwa, nasi tumshukuru Mungu kwayo. Lakini katiba hailali jikoni pamoja na watu waliojificha. Jirani ndiye awezaye.

NENO LA MWISHO

Kuna methali isemayo, "Yaliyopita si ndwele, ganga yajayo." Ni methali njema. Walakini nimewasikia wengi wakiitumia ili kuwanyamazisha wenye kilio. Mganga asiyeuliza ugonjwa ulianzia wapi hutibu mguu ilhali jipu liko mgongoni.

Tena nisieleweke vibaya. Kujua chanzo si kusamehe kosa. Aliyetia kiberiti pale Kiambaa hakusukumwa na Meinertzhagen, wala na Chamberlain. Alikuwa na mikono yake mwenyewe, na bibi yule alikuwa na mikono yake. Wote wawili walirithi historia moja. Mmoja alichagua moto, mwingine alichagua kufunga mlango.

Basi naomba mambo mawili tu. La kwanza, mtu akikuambia "ardhi hii ni yetu", usimpigie kelele. Mwulize kwa upole, "Wahesabu kuanzia mwaka gani?" Kisha mwambie mwaka wako, nawe usikilize wake. La pili, wafundisheni watoto miaka yote, si ile tu inayowapa haki. Mtoto aliyefundishwa 1905 peke yake atatafuta wa kulipiza kisasi. Na aliyefundishwa hati ya shamba peke yake hatajua kwa nini jirani yake hulia.

Ama kuhusu waraka ule, nililifuta neno lile. Mahali pake nikaandika kirefu: "mtu aliyekuja kukaa hapa, na mwaka aliokuja." Mkubwa wangu alisema nimerefusha. Nilimjibu kwamba ni kweli nimerefusha, lakini wazee wale wawili walipolisoma waliketi.